Kutoka Nakawa kwa Tanga

Mgeni anayeingia Kampala kwa basi la Nairobi huipita Nakawa akiwa amechoka. Huona soko, msururu wa malori, bodaboda zilizojipanga kwenye taa, na wanafunzi wa chuo cha biashara wakikatiza barabara. Kisha basi huendelea mjini na Nakawa husahaulika. Hakuna anayemwambia kwamba tarafa hiyo, moja kati ya tano za jiji, huanzia vilima vya Naguru na Mbuya, hushuka kupitia Bugolobi na Mutungo hadi Luzira, na kwamba Luzira huishia majini. Hapo ndipo ilipo Port Bell, bandari ya Kampala katika Ziwa Viktoria, ambalo Waganda huliita Nalubaale.

Nilikwenda huko Julai, kiangazi cha katikati ya mwaka, majira ambayo kwetu Pangani ni ya kipupwe na kusi. Nia yangu ilikuwa kuondoka Luzira alfajiri na kufika visiwa vya Kkoome jua likizama, kwa tanga. Ni kama kilomita 40 kwenda kusini, na njiani unavuka ikweta.

Luzira

Barabara ya Port Bell saa kumi na moja alfajiri ina harufu ya kimea. Kiwanda cha bia kimekuwa hapo tangu 1946, na bia yake ya kwanza kupata umaarufu ilichukua jina la bandari. Juu ya kilima, taa za gereza zilikuwa bado zinawaka. Gereza la Luzira linajulikana na kila Mganda kwa watu waliowahi kufungwa ndani yake, lakini mimi nililitazama kwa sababu nyingine. Mwaka 1929, wafungwa waliokuwa wakichimba ardhi ya kilima kile walitoa vipande vya sanamu ya udongo wa kuchomwa: kichwa cha mtu, uso mpana, macho mazito, na sehemu za mwili. Ni miongoni mwa sanaa za kale kabisa za sura ya binadamu zilizopata kuonekana katika sehemu hii ya Afrika. Leo kichwa hicho kiko London, katika British Museum, na kinaitwa kwa jina la Luzira. Vijana niliowauliza pale chini, waliozaliwa na kukulia hatua chache kutoka kilipofukuliwa, walikuwa hawajapata kukisikia. Sioni kwa nini mtoto wa Luzira avuke bahari ili aone uso uliotoka kwenye udongo wa kwao.

Bandarini, reli huingia hadi ukingoni mwa gati, na mabehewa husukumwa ndani ya meli mazima mazima na mizigo yake. Hivyo ndivyo meli ya Tanzania, Umoja, huja kutoka Mwanza. Uganda nayo ilikuwa na meli tatu za namna hiyo, Kaawa, Pamba na Kabalega. Kabalega ilizama Mei 2005 baada ya kugongana na nduguye Kaawa. Kabla ya meli hizi zilikuwako za mvuke. Reli ya kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901 ilikuwa imekoma ziwani, na aliyekuwa akienda Kampala au Entebbe alimalizia safari yake kwa maji. Kwa miaka mingi, basi, ziwa ndilo lililokuwa barabara kuu ya Uganda.

Jina la bandari linatokana na Hesketh Bell, aliyekuwa mkuu wa serikali ya Kiingereza nchini kuanzia 1906. Nitarudi kwake tukifika visiwani, maana huko ndiko alikoacha alama kubwa zaidi.

Pembeni ya bandari kuna mwalo wa boti ndogo. Nahodha wangu alikuwa mzee ambaye wote walimwita Ssalongo, kwa kuwa ni baba wa mapacha. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kusita. Kiswahili chake alikipata visiwani, akivua pamoja na Wakerewe, Wajaluo na Wahaya, ambao hawana lugha nyingine ya kugawana samaki na kugombania nyavu. Boti lake lilikuwa la mbao, limechongoka mbele na nyuma, refu, lenye mkuku unaotokeza omoni. Alikuwa na injini ya kuning'inia tezini, lakini mafuta ni ghali, na tanga la turubai alilojifunza kulitumia kwa wavuvi wa upande wa Kenya humwokolea fedha. Shehena ilikuwa sukari, unga wa posho, sabuni, chumvi na katoni za biskuti kwa ajili ya maduka ya Kkoome.

Kabla ya kusukuma chombo alitoa mfukoni punje za kahawa zilizokaushwa na maganda yake, akatupa chache majini, nyingine akazitafuna, nami akanipa. Mukasa ndiye mwenye ziwa katika dini ya zamani ya Waganda, na hekalu lake lilikuwa kisiwani Bubembe, huko Ssese. Ssalongo ni Mkatoliki, na rozari ilikuwa shingoni mwake alipokuwa akizitupa.

"Ziwa ni la Mungu, ssebo," alisema, "lakini lina wazee wake."

Ggaba

Upepo wa alfajiri hutoka nchi kavu. Ardhi hupoa usiku kuliko maji, hewa huteremka kutoka vilimani kwenda ziwani, na mwenye tanga akiwahi hubebwa bila jasho. Tulitweka giza likiwa bado halijaondoka. Upande wa kulia ukapita mstari mweusi wa mafunjo. Huo ni ukingo wa bwawa la Nakivubo, ambako mfereji mkuu wa maji machafu ya Kampala humwagika. Kwa miongo mingi mafunjo hayo yamekuwa yakiichuja taka ya jiji bila malipo, na kwa miongo hiyo hiyo watu wamekuwa wakiyakata ili wapande magimbi na kujenga. Hakuhitajiki mtaalamu kuyaona matokeo yake. Kulipopambazuka, maji chini ya boti yalikuwa ya kijani kizito, na kasia iliponyanyuliwa ilitoka na utando.

Magugumaji nayo yalikuwapo, visiwa vidogo vya majani mapana na maua ya zambarau vikielea na kufuata upepo. Mmea huu wa Amerika Kusini ulionekana upande wa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 uliziba bandari kiasi cha meli kushindwa kufunga gatini. Wadudu wadogo walioletwa makusudi kuula, pamoja na mashine na mikono ya watu, ndio walioupunguza. Haukwisha. Ssalongo aliyakwepa magugu kwa mbali, akasema humo chini nyoka hupanda.

Ggaba unainusa kabla hujaiona. Mbuta na sato hukaangwa ufukweni tangu asubuhi, na mukene, yule dagaa mdogo wa fedha, huanikwa kwa mafungu. Tulifunga hapo tukala katogo, ndizi mbichi zilizopikwa sufuria moja na matumbo hadi rojo likawa zito, tukashushia chai ya maziwa yenye tangawizi. Mimi ni mtu wa wali na nazi, lakini nasema bila kusita kwamba kwa mtu anayekwenda kukaa majini siku nzima hakuna chakula bora kuliko katogo.

Mbuta aliyejaa mezani pale si mwenyeji. Alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950, akakua hadi kumzidi mtu uzito, na mamia ya aina za samaki wadogo waliokuwa hawapatikani kwingineko duniani walipungua au kutoweka. Ndiye pia aliyejenga viwanda, akalisha masoko ya Ulaya na kusomesha watoto wengi. Mama aliyetuuzia chai alisema siku hizi mbuta mkubwa huenda kiwandani na wao hubaki na mifupa, ambayo huitengenezea mchuzi. Niliuonja. Ni mtamu.

Hatua chache kutoka kwenye vikaango ziko pampu za maji za jiji. Kampala hunywa kutoka ghuba hii hii inayopokea mfereji wa Nakivubo. Kadiri maji yalivyochafuka ndivyo gharama ya kuyasafisha ilivyopanda, na sasa kiwanda kingine kimejengwa mashariki, Katosi, ambako ziwa ni safi zaidi. Katika safari yote hakuna jambo lililonikaa moyoni kama hili. Watu wa jiji zima wanakunywa kutoka mahali ambapo wengi wao hawajawahi kupatazama.

Munyonyo na Bulingugwe

Kutoka Ggaba upepo ulikuwa umelegea lakini haujafa. Tulipita Munyonyo taratibu, karibu na ufuko kiasi cha kuona bustani za hoteli na, nyuma yake, paa la kanisa. Kabaka Mwanga alikuwa na makazi hapo, na ndipo Mei 1886 alipotoa amri ya kuuawa kwa vijana wa jumba lake waliokataa kuiacha dini mpya, Ukristo. Mahujaji wengi huijua Namugongo, walikouawa wengi wao; wachache hufika hapa, penye mwanzo wa yote.

Mbele kidogo kuna kisiwa cha Bulingugwe, kilima cha kijani kilicho karibu sana na bara. Mwaka 1889, wakati wa vita vya dini vilivyompindua, Mwanga aliweka kambi yake hapo, kwa kuwa adui zake walikuwa na nchi lakini yeye alikuwa na mitumbwi. Januari 1892 alikimbilia tena kisiwani hapo baada ya mapigano ya Mengo, na safari hii Waingereza wakamfuata na bunduki ya Maxim na mitumbwi yao. Watu wengi walikufa majini wakijaribu kuvuka. Ssalongo alijua habari hiyo kutoka kwa babu yake, na alipoonyesha upande walikokimbilia alishusha sauti.

Mitumbwi ile ya Buganda ilistahili sifa zaidi ya inayopewa. Ilitengenezwa kwa mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za mimea, bila msumari hata mmoja, kama mtepe wa Lamu ulivyoshonwa kwa kamba za nazi. Omo yake ilichomoza mbali mbele ya chombo, ikapambwa kwa pembe na manyoya. Mkuu wa jeshi hilo la majini aliitwa Gabunga, na cheo chake kilikuwa cha ukoo wa Mamba, ule wa kambare mamba wa ziwani. Mitumbwi hiyo ilipigwa makasia; tanga liliingia ziwa hili kutoka pwani.

Hapo ndipo ghuba hii inapotuhusu sisi watu wa pwani moja kwa moja. Aprili 1875 Henry Morton Stanley alitia nanga Usavara, ambapo leo ni Busabala, ng'ambo ya Munyonyo, akapokewa na Kabaka Mutesa aliyekuwa huko na jumba lake lote. Vitabu humtaja Stanley. Chombo chake, Lady Alice, kilikatwa vipande na kubebwa mabegani kutoka Bagamoyo hadi karibu na Mwanza, na waliokibeba na kukiendesha kuzunguka ziwa zima walikuwa watu wa Unguja na mrima. Safeni na Uledi ni mawili kati ya majina yao yaliyobaki. Mutesa na mgeni wake walizungumza Kiswahili, lugha ambayo wafanyabiashara wa pwani walikuwa wameifikisha Buganda tangu miaka ya 1840. Na Stanley alipoondoka, aliyebaki kwa Kabaka kumsomea na kumtafsiria maandiko alikuwa kijana aliyesomeshwa na wamisionari Unguja, Dallington Maftaa. Baada yake zikaja jahazi za wafanyabiashara, zikiwamo za Allidina Visram, yule ambaye shule ya Mombasa inaitwa kwa jina lake. Nilisimama omoni tukipita mbele ya Busabala, nikamwambia Ssalongo kwamba watu wa kwetu walifika hapa kwa chombo kama chake.

"Kumbe wewe si mgeni," akajibu, akanipa usukani.

Mdomo wa ghuba

Saa nne upepo ulikufa. Ziwa likawa bati. Kwa muda tulisikia tu kunguru wa ufukoni, furukombe mmoja, na redio ya boti lililokuwa mbali. Upande wa kusini, mawingu membamba meusi yalisimama wima kutoka majini kwenda juu, yakipinda kidogo kama moshi; ni wadudu wa ziwani, mamilioni kwa mamilioni, wanaotoka majini pamoja na kufa pamoja. Ssalongo aliwasha injini ili tutoke ghubani kabla upepo wa mchana haujatukuta mahali pembamba.

Mashariki ni ufuko wa Mukono. Novemba 2018 boti la starehe lilizama karibu na ufuko huo jioni ya Jumamosi, na zaidi ya watu 30 walikufa, wengi wao vijana waliokuwa wakicheza muziki. Mabaharia wa mwaloni huihesabu miaka yao kwa tukio hilo. Tangu tulipotoka Luzira, Ssalongo hakuniruhusu kufungua kamba ya jaketi langu la kuokolea hata wakati wa kula, na mvulana aliyekuwa akichota maji ndani ya boti alivaa lake juu ya sweta.

Mbele ya mdomo wa ghuba maji yalibadilika. Kijani kikaondoka, ikaja buluu ya kijivu, kisha buluu yenyewe. Mawimbi yakawa mapana. Upepo wa mchana ulikuja kutoka kusini, kwanza mikunjo midogo juu ya maji, halafu wote kwa pamoja, na kuanzia hapo tukawa tunabisha. Tulikwenda joshi upande wa mashariki hadi nyumba za Mukono zikaonekana madirisha, tukageuza, tukarudi magharibi hadi tukaona ndege zikishuka Entebbe. Kila tulipogeuza mvulana alibeba foromali kuzunguka mlingoti huku chombo kikienda mrama. Turubai lilipiga makofi, maji yakaruka omoni, na sukari ikafunikwa mara ya pili.

Ni baridi. Watu hudhani ikweta ni joto tu, lakini ziwa liko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na Julai upepo wake hupenya shati. Tuliivuka ikweta mahali fulani katika kubisha huko, pengine mara kadhaa kwa kwenda na kurudi, maana hakuna alama yoyote majini. Chakula cha mchana kilikuwa muhogo wa kuchemsha na mukene waliokaushwa, wenye chumvi ya kutosha. Tulikula kwa zamu, mmoja akishika demani.

Mchana huo mrefu wa mawimbi ndio uliokuwa bora kuliko yote. Nyuma yetu vilima vya Kampala vilizidi kuwa vifupi, kila kimoja na minara yake, hadi vikawa mstari mmoja wa samawati, na Nakawa ikawa imo humo pamoja na soko lake, magari yake na kelele zake zote.

Kkoome

Ngamba hutangulia kuonekana, kisiwa kidogo chenye msitu mzito. Tangu 1998 ni makao ya sokwe yatima walionyang'anywa wafanyabiashara na wawindaji. Hapo hulishwa na kutunzwa, na maji ndiyo ukuta wao, kwa sababu sokwe hawawezi kuogelea. Upepo ulitusogezea sauti zao jua likiwa limeinama: mmoja alianza kwa kuhema, wengine wakadakia, kisha kisiwa kizima kikapiga kelele.

Kkoome ni kisiwa kikubwa zaidi, nacho kina mialo mingi. Tulitua tanga jua likizama, katikati ya boti za mukene zilizokuwa zikijiandaa kutoka. Wavuvi wa mukene hutoka usiku wa giza wakiwa na taa, na siku hizi taa nyingi ni za betri zinazochajiwa kwa jua, hivyo ule moshi wa karabai umepungua. Mwaloni hapo nilisikia Kiganda, Kisoga, Kijaluo na Kiswahili katika sentensi moja. Nyumba ni za mbao na mabati, zimebanana, na nyingi zinaonekana za muda, kwa kuwa wavuvi huhama wakifuata samaki. Mstari wa mbele ulikuwa umesogea juu kilimani: mwaka 2020 ziwa lilipanda kufikia kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960, likaingia majumbani.

Miaka 115 hivi iliyopita visiwa hivi vilikuwa vitupu. Ugonjwa wa malale ulizuka kando ya ziwa mwanzoni mwa karne ya 20 na kuua zaidi ya watu 200,000 katika Buganda na Busoga. Hesketh Bell, yule mwenye jina lake bandarini, aliamuru watu wote waondolewe kwenye fuko zenye mbung'o, na baadaye visiwani. Madaktari wa serikali husema amri hiyo iliokoa maisha, na huenda ni kweli. Lakini vijiji vilichomwa, mashamba ya migomba yakageuka msitu, waganga na wazee wa Mukasa wakatawanyika bara, na ufundi wa kushona mitumbwi ukakosa mikono. Watu walianza kurudi kuanzia miaka ya 1920, na wengi waliorudi hawakuwa watoto wa walioondoka.

Tulikula sato aliyebanikwa na matoke kwa mama wa Kisoga aliyekataa kutuacha tulale na njaa ya mchana. Ssalongo alipakua shehena yake kwa mwanga wa simu.

Mtu anayetaka kuiona Uganda huambiwa aende kwa gorila wa milimani, au Jinja kwenye chanzo cha Nile. Aende. Lakini akiwa na siku moja ya ziada, kati ya Juni na Agosti, ashuke barabara ya Port Bell kabla jua halijachomoza, atafute boti lenye tanga na jaketi za kutosha, na aombe lipite Ggaba. Safari ianzie Luzira, si Entebbe.